Tuanze mkiani: maswali ya kustaafu

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Nilipoombwa nije kuzungumza nanyi, nilitumiwa kwanza vile vikaratasi mlivyoandika maswali yenu, na jana usiku nimevisoma kimoja kimoja. Vingi vinauliza lini: nistaafu nikiwa na miaka mingapi, ningoje umri wa sheria au niondoke kwa hiari? Vichache vinauliza wapi. Na vinne tu, nimevihesabu, vinauliza vipi.

Mkinipa ruhusa, nitavijibu kwa kuanzia mkiani. Nitaanza na vipi, nije kwenye wapi, na lini nitaiweka mwisho. Nimeona kwamba mtu akishamaliza yale mawili, lini hujitokeza yenyewe kama jumla chini ya mstari.

Mimi nilikuwa mhasibu kwa miaka 31 na sasa nina miaka tisa tangu nistaafu. Jumatatu yangu ya kwanza niliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri kama kawaida. Nikaoga, nikavaa shati nililolipiga pasi Jumapili kwa mazoea tu, nikaenda kukaa sebuleni. Mke wangu akapita, akanitazama, akasema, "Mzee, unamsubiri nani?" Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimefunga hesabu za watu mwaka baada ya mwaka, lakini siku moja iliyo tupu ilinishinda kuijaza. Hilo nitalirudia baadaye. Kwanza tuzungumze fedha, maana najua ndizo zilizowaleta.

Swali la "nahitaji kiasi gani?" halina jibu mpaka ujue sasa hivi unatumia kiasi gani. Na hapa watu wengi hujidanganya, mimi nikiwa wa kwanza. Miaka miwili kabla ya kustaafu nilikuwa na tarakimu kichwani, niliiamini kabisa, mhasibu mzima. Mke wangu akaninunulia daftari la kurasa 96 akaniambia niandike kila kinachotoka. Baada ya miezi sita nikakuta tunatumia theluthi moja zaidi ya nilivyodhani. Hapakuwa na anasa yoyote. Ni vile vitu visivyokuja kila mwezi: paa linalovuja, jino, matairi, ada, safari ya ghafla. Kila kimoja nilikuwa nakiita dharura. Daftari lilionyesha kwamba dharura zinakuja kwa ratiba. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo andika miezi sita, ukiweza mwaka mzima. Vile vya mara moja kwa mwaka vigawe kwa 12 na uviingize. Kisha pitia orodha ukiwa na kalamu mbili. Kwa moja weka alama kwenye matumizi yatakayokufa siku unayoondoka kazini: nauli, nguo za kazini, makato ya mfuko wa pensheni wenyewe. Kwa nyingine weka alama kwenye yatakayokua: dawa, bima ya afya ambayo leo mwajiri anakulipia na wewe huioni, umeme kwa sababu utakuwa nyumbani mchana kutwa. Mkopo ambao haujaisha uzungushie duara. Kustaafu na deni la mshahara ni kama kushuka kwenye basi huku mguu mmoja umebaki mlangoni.

Ukishapata matumizi ya mwezi, toa pensheni yako ya uhakika. Kinachobaki ndilo pengo, na pengo ndilo linalojazwa na akiba. Je, akiba inatosha kulijaza kwa miaka mingapi? Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, mtu aliyesomea uhandisi wa anga, alilishughulikia swali hili kihandisi. Alichukua kumbukumbu za hisa na hati fungani za Marekani, yaani fedha ambazo watu huikopesha serikali kwa riba, tangu 1926, akajaribu mstaafu wa kila mwaka mmoja mmoja, hata yule mwenye bahati mbaya kuliko wote. Akakuta kwamba aliyechota asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka akapandisha kiasi kilekile kulingana na mfumuko wa bei, fedha zilimfikisha miaka 30. Ukiigeuza hesabu hiyo, akiba inatakiwa iwe mara 25 ya pengo lako la mwaka.

Sasa msitoke hapa mkisema mzee kasema asilimia 4. Hesabu ile ilifanywa kwa masoko ya nchi moja, ndani ya karne moja, na kwa mtu ambaye karibu nusu au zaidi ya akiba yake iko kwenye hisa. Bengen mwenyewe baadaye aliipandisha kidogo. Ichukueni kama kijiti cha kupimia kina cha maji. Mwenye akiba mara tano ya pengo lake anajua bado, na mwenye mara 30 anajua anaweza kupumua.

Mfumuko wa bei ndio mwizi asiyevunja mlango. Kuna hesabu ya kichwani: chukua 72, gawa kwa asilimia ya mfumuko, utapata miaka ambayo bei zitakuwa mara mbili. Bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, ni miaka 12. Maana yake aliyestaafu na miaka 60 akiwa na pensheni isiyopanda, akifika 72 pensheni ileile inanunua nusu, na akifika 84 inanunua robo. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza mfuko wako liwe hili: je, pensheni hii hupandishwa bei zikipanda? Kiasi chenyewe kiulizwe baadaye.

Jambo jingine ambalo hata wenye elimu ya fedha hulisahau ni mpangilio wa miaka mizuri na mibaya. Chukua ndugu wawili, kila mmoja ana 100, na kila mmoja anachota 10 mwishoni mwa mwaka. Wa kwanza anaanza na hasara ya asilimia 20, mwaka wa pili anapata faida ya asilimia 25. Mia yake inakuwa 80, anatoa 10, inabaki 70. Inapanda hadi 87.5, anatoa 10, inabaki 77.5. Wa pili anapata yaleyale lakini kinyume: 125, kutoa 10 ni 115, kushuka ni 92, kutoa 10 ni 82. Faida ni ileile na hasara ni ileile. Wasingechota kitu, wote wangemaliza na 100 kamili. Lakini aliyeanza vibaya kaachwa nyuma, na hiyo ni miaka miwili tu. Ndiyo maana miaka mitano ya mwanzo ya kustaafu inataka uangalifu kuliko yote, na ndiyo maana ni vizuri kuwa na matumizi ya mwaka mmoja au miwili mahali pasipoyumba, ili usilazimike kuuza hisa siku ambayo kila mtu anauza.

Kikaratasi kimoja kiliuliza, "Nipange kuishi mpaka lini?" Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Watu husikia wastani wa umri wa kuishi wakadhani ndiyo tarehe yao. Wastani ule huhesabiwa tangu kuzaliwa, na unabeba ndani yake watoto waliofariki wachanga. Wewe uliyefika 60 umeshayapita hayo, na duniani kwa ujumla mtu wa 60 huishi wastani wa takriban miaka 20 zaidi. Wastani maana yake wengi wanavuka hapo.

Acha niwape kisa cha kweli. Mwaka 1965, mjini Arles, Ufaransa, mama mmoja aitwaye Jeanne Calment, akiwa na miaka 90, aliingia mkataba na mwanasheria mwenye miaka 47. Mwanasheria angemlipa faranga 2,500 kila mwezi mpaka atakapofariki, kisha nyumba yake iwe mali ya mwanasheria. Nani asingekubali? Bibi wa miaka 90! Mwanasheria alilipa miaka 30. Alifariki Desemba 1995 akiwa na miaka 77, bila kuwahi kuishi kwenye nyumba ile. Mjane wake akaendelea kulipa. Bibi Calment alifariki Agosti 1997 akiwa na miaka 122, na fedha alizolipwa zilikuwa zimepita mara mbili ya thamani ya nyumba.

Wengi hukisimulia kisa hiki wakimcheka mwanasheria. Mimi namtazama bibi. Alichokifanya ni kubadilisha mali isiyoliwa, yaani kuta na madirisha, kuwa kipato kisichokauka akiwa hai. Na hapa ndipo swali la mkupuo, yaani kupewa fedha nyingi kwa mara moja, au pensheni ya kila mwezi linapokaa. Pale mfuko unapokupa uchaguzi, mkupuo unavutia kwa sababu unaonekana. Tarakimu ndefu kwenye karatasi moja. Lakini ukichukua mkupuo, umejitwika kazi ya yule mwanasheria: unakisia utaishi muda gani, na kosa ni lako. Ukichukua ya kila mwezi, kazi ya kukisia umemwachia mfuko. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Sisemi mkupuo ni haramu. Mwenye maradhi mazito, mwenye deni la riba kubwa, au mwenye pensheni nyingine ya uhakika anaweza kuwa na sababu nzuri. Lakini sababu ya "nina wazo la biashara" ichunguzeni mara tatu. Kama biashara hiyo hujaifanya ukiwa na mshahara wa kukusitiri, usiende kujifunzia kwa kiinua mgongo. Na kama aliyekuletea wazo kalileta mwezi uleule uliopata fedha, basi mshukuru, umtolee chai, mfungulie mlango.

Kabla sijaacha vipi, karatasi. Hapa nina kinyongo na nitakisema. Miezi mitatu kabla ya kuondoka niliomba taarifa ya michango yangu nikakuta pengo la miezi 29. Mwajiri wangu wa zamani, simtaji, alikuwa ananikata kila mwezi, na hati za mshahara zinaonyesha hivyo, lakini fedha hazikufika zilikotakiwa. Nilifuatilia kwa miezi minane. Kilichoniokoa ni boksi la viatu ambalo mke wangu alikuwa anatupia hati zangu za mshahara, na mimi kila mwaka nilikuwa nataka kulichoma. Ombeni taarifa zenu wiki hii. Angalieni jina limeandikwaje, tarehe ya kuzaliwa, na nani ameandikwa kuwa mnufaika. Nimewahi kuona fomu ya mtu aliyeoa miaka 20 iliyopita ambayo bado inamtaja mchumba wa kwanza. Na ulizeni jambo moja watu wanaloliogopa: nikitangulia, mwenzangu atapata nini? Baadhi ya pensheni hukoma siku hiyohiyo, nyingine humpa mwenza sehemu, na mara nyingi uchaguzi hufanyika mara moja tu, siku ya kujaza fomu.

Wapi. Hili nitalipita kwa haraka kidogo, kwa sababu kosa lake karibu kila mara ni moja: mtu huchagua mahali kwa kumbukumbu ya likizo. Rafiki yangu mmoja aliuza nyumba akahamia alikokuwa anapenda kwenda kupumzika. Mwezi wa nane akanipigia simu. Anasema, "Bwana we, huku kila mtu ni mgeni, na wageni wana tabia ya kuondoka." Kabla ya kuuza, pangisha yako, nenda ukapange kule, ukae kipindi kibaya kuliko vyote vya mwaka. Ukikivumilia hicho, hamia.

Na hata ukibaki ulipo, fanya jaribio dogo. Simama nje ya mlango wako na mfuko mzito mkononi, ujifanye goti moja limekataa kazi. Ingia. Hesabu ngazi. Nenda mpaka chooni. Kisha jiulize: siku ambayo sitaweza tena kuendesha gari, nitafikaje hospitali, na ni nani atakayegundua kwamba leo sijafungua dirisha?

Wanaofikiria kwenda kuishi nchi nyingine wasome sheria kabla ya kusoma bei za nyumba. Pensheni ya serikali ya Uingereza, kwa mfano, haipandishwi kila mwaka kwa mstaafu aliyehamia Australia au Kanada. Inagandia pale ilipokuwa. Bima ya afya ya wazee ya Marekani, ile Medicare, kwa kawaida hailipii matibabu nje ya nchi. Mambo kama haya hayaandikwi kwenye picha za ufukweni.

Sasa lini. Umri wa kustaafu tunaouheshimu kama vile umeshuka na mvua una historia fupi. Ujerumani ya Kansela Bismarck ilipitisha sheria ya pensheni ya uzee mwaka 1889, na umri ulikuwa 70. Wengi husema 65 ilitokana na umri wa Bismarck mwenyewe. Si kweli, mwaka ule alikuwa na miaka 74, na Ujerumani ilishusha hadi 65 mwaka 1916, yeye akiwa ameshafariki zamani. Uingereza ilianza kulipa Januari 1909, shilingi tano zao kwa wiki, kwa waliofika 70. Marekani ilichagua 65 mwaka 1935. Siku hizi mwendo ni wa kupanda tena. Ufaransa mwaka 2023 ilipitisha sheria ya kutoka 62 kwenda 64 na barabara zikajaa waandamanaji. China ilianza mwaka 2025 kupandisha taratibu umri wa wanaume kutoka 60 hadi 63. Denmark imepitisha kwamba ifikapo 2040 uwe 70. Kinachopimwa hapo ni hazina za serikali na idadi ya wafanyakazi. Magoti yako hayakuwa kwenye ajenda.

Kwa hiyo umri wa sheria uutumie kujua lini mlango unafunguliwa na unalipwa kiasi gani ukipita mapema au ukichelewa. Mfano mzuri ni Marekani, kwa sababu tarakimu zao ziko wazi. Aliyezaliwa 1960 au baadaye hupata pensheni kamili akiwa na 67. Akiichukua na 62 inakatwa asilimia 30 maisha yake yote, akingoja mpaka 70 inaongezeka asilimia 24. Tuseme kamili ni 100. Wa 62 anapata 70 kwa miezi 60 kabla mwenzake wa 67 hajapata hata senti: jumla 4,200. Baada ya hapo mwenzake anamzidi 30 kila mwezi. Atamkuta baada ya miezi 140, yaani miaka 11 na miezi minane, wote wakiwa na miaka 78 na miezi minane. Kabla ya hapo, aliyewahi ndiye aliyechukua zaidi. Baada ya hapo, aliyengoja. Nendeni mkafanye hesabu hiyohiyo kwa tarakimu za mfuko wenu, ni robo saa ya kazi. Kisha mkumbukeni bibi wa Arles kabla ya kuamua.

Nimebakiza kikaratasi kimoja ambacho nilikiweka mfukoni. Kinasema: "Nina miaka 58, afya njema, lakini bosi mpya ananichosha. Niondoke?" Ndugu yangu uliyeandika, sikujui na usinyanyue mkono. Tenganisha kuchoka kazi na kumchoka mtu. Mabosi huhamishwa. Barua ya kustaafu ikishapokelewa, kuirudisha ni shughuli. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini pia sitaki kukuambia ukae tu. Chukua likizo yako yote kwa pamoja, isiwe ya vipande vya siku tatu tatu. Mwezi huo ishi kwa kiasi kile kitakachokuwa pensheni yako, kinachozidi kipeleke akiba na usikiguse. Usisafiri. Kaa nyumbani, na mwenzako akuone saa nne asubuhi siku ya Jumatano. Wiki ya kwanza utalala. Ya pili utarekebisha kila kitasa. Iangalie sana ya nne. Mimi sikufanya jaribio hilo, ndiyo maana nilijikuta nimevaa shati la pasi sebuleni, na ilinichukua karibu mwaka mzima kupata shughuli: sasa asubuhi tatu kwa wiki nafundisha vijana kuandika hesabu za vikundi vyao, nao hunilipa kidogo. Kama mwajiri wako anaruhusu kupunguza siku za kazi taratibu, tano, kisha tatu, omba. Kushuka ngazi kunaumiza kidogo kuliko kuruka ghorofa.

Naona mwenyekiti ameanza kutazama saa. Nimekuja na lile daftari la kurasa 96, liko pale mezani karibu na mlango. Limechakaa na mwandiko ni wa mke wangu kuanzia ukurasa wa 40, kwa sababu mimi nilichoka. Mnaotaka kuona safu nilizozichora mlifungue, na mliokuja na taarifa zenu za michango mnisogelee tuziangalie pamoja, nitakuwepo mpaka wafunge ukumbi.